Cable Street haikuwamaliza mafashisti wa Stepney

Kila historia ya wakomunisti wa Stepney, mashariki mwa London, inapofundishwa, wanafunzi huja na jibu lilelile: Oktoba 4, 1936 wananchi waliziba Cable Street, maandamano ya Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, yakageuza, ufashisti ukaisha. Tafadhali, tuliache hili.

Siku ile ilikuwa kubwa kweli. Tramu iliachwa na dereva wake katikati ya reli pale Gardiner's Corner, lori likapinduliwa Cable Street, gololi zikamwagwa chini ya kwato za farasi. Lakini farasi hao walikuwa wa polisi, na vita ilikuwa kati ya polisi na wakazi. Mafashisti walisubiri Royal Mint Street wafunguliwe njia, hadi kamishna alipowaamuru warudi magharibi. Wiki moja baadaye vijana wao walivunja vioo vya maduka ya Wayahudi Mile End Road. Machi 1937, katika uchaguzi wa Baraza la London, walipata takriban asilimia 23 ya kura kaskazini-mashariki mwa Bethnal Green na 19 Limehouse. Hawakupata kiti, lakini hizo si kura za chama kilichokufa.

Someni habari za kodi ya pango. Huko ndiko wakomunisti walikofanya kazi ya kuwavuta wafuasi wa mafashisti. Mwaka 1937, katika jengo la Paragon Mansions, familia zilizokuwa zikitimuliwa zilikuwa za wanachama wa Mosley, na wakomunisti wakawapanga majirani kuzuia madalali wa mahakama. Kisha ikaja jumuiya ya wapangaji. Kazi yake ilikuwa ya makaratasi: kukagua kila chumba kujua kama kodi yake bado imedhibitiwa kisheria, maana nyumba ilitoka kwenye udhibiti mpangaji alipohama, na wenye nyumba wengi walitoza kana kwamba imeshatoka. Penye ukiukaji, walidai marejesho. Paliposhindikana, waligoma kulipa. Mwaka 1939 Langdale Mansions iligoma wiki 21, nyaya za miiba zikizunguka jengo na wanawake wakilinda zamu, hadi kodi ikashuka.

Eti Chama cha Kikomunisti kiliandaa Cable Street tangu mwanzo? Hapana. Kilikuwa kimepanga mkutano kuhusu vita vya Hispania katika Trafalgar Square siku hiyohiyo. Vipeperushi vikapigwa chapa upya juu ya maandishi ya awali, kuita watu Aldgate saa nane mchana.

Eti waliopinga siku ile ni Wayahudi peke yao? Makuli wa Kiayalandi wa bandarini walikuwa kwenye vizuizi vilevile.

Na ubunge wa mkomunisti Phil Piratin, Mile End, ulikuja 1945, miaka tisa baada ya Cable Street, baada ya migomo ya kodi na madai ya mahandaki ya kujikinga na mabomu.