Maumivu ya juzi si asidi ya laktiki

"Nichue kwa nguvu, asidi yote itoke." Anayesema hivyo kwa kawaida amepanda kitanda cha kliniki akijishika mapaja, siku mbili baada ya kurudi mazoezini. Nikimuuliza asidi gani, anajibu bila kusita: laktiki, imeganda kwenye misuli. Aliyemwambia ni mwalimu wake wa mazoezi. Mimi ni mfiziotherapia, na kwa kuwa walimu hao hawaji kliniki, acha niandike.

Dhana: Maumivu ya siku ya pili yanaletwa na asidi ya laktiki iliyoganda

Haigandi, na haina hata muda wa kuganda. Mtu aliyetulia ana takriban milimoli 1 ya laktati, ndivyo asidi ya laktiki inavyokaa mwilini, katika kila lita ya damu. Akikimbia kwa nguvu zote dakika moja au mbili, kiwango hicho kinaweza kupita 15. Akisimama, baada ya dakika chache kinaanza kushuka, na ikipita kama saa moja kimerudi kilipokuwa. Sasa hayo maumivu yako yalikolea lini? Kwa wengi ni kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi. Kitu kilichokwisha Jumamosi jioni kitakuumaje Jumatatu asubuhi?

Wala hili si jambo la kubishania, kwa sababu lilishapimwa. Mwaka 1983 watafiti waliwapima watu wakikimbia dakika 45 kwenye mashine, mara ikiwa tambarare, mara ikiwa na mteremko. Mbio za tambarare zilipandisha laktati, lakini misuli haikuuma siku zilizofuata. Mbio za mteremko hazikuipandisha, na ndizo zilizoacha watu wakiugulia.

Kinachouma ni nyuzi zilizojeruhiwa. Simama mbele ya kiti, weka kiganja juu ya paja, kisha kaa taratibu ukihesabu hadi tano. Utahisi msuli umekaza chini ya mkono wako ilhali goti linakunjika, maana yake unavuta na papo hapo unarefushwa. Katika kazi ya namna hiyo, kama kukimbia mteremkoni, nyuzi chache hubeba mzigo mkubwa, na vipande vidogo vinavyojikunja ndani yake huvutwa kupita kiasi hadi vingine vikachanika. Baadaye mwili unapeleka seli za kusafisha na kukarabati, sehemu inavimba kidogo, mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kushtuka. Ukarabati huo unachukua muda, na ndiyo sababu asubuhi ya kwanza unajisifu kwamba huumwi, ya pili unashika ukuta kwenye ngazi. Mwanafiziolojia Theodore Hough alishahisi kuwa kuna kuchanika ndani ya msuli mwaka 1902. Tumekuwa na jibu zaidi ya miaka mia moja, bado naulizwa asidi!

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia: wiki ya kwanza punguza kazi ya kushusha. Skwati chache, mteremko mfupi, uzito usiushushe kwa mbwembwe. Maliza ukiwa bado unajiona unaweza kuendelea. Ukirudia zoezi lilelile baada ya wiki moja au mbili, maumivu yatakuwa madogo kuliko ya mara ya kwanza hata kama hujaongeza nguvu yoyote ya maana, kwa sababu msuli ukishaonja kazi hiyo mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa. Hakuna mafuta ya kuchua yanayoweza kufanya hivyo.

Dhana: Laktati ni taka

Ni kuni za mwili, tena nzuri. Msuli unapohitaji nguvu kwa haraka, glukosi (sukari) na glaikojeni (akiba yake ndani ya msuli) huvunjwa kwa kasi kuliko mitokondria, vinu vya seli vinavyotumia oksijeni, zinavyoweza kupokea. Pairuveti, zao la glukosi iliyovunjwa, inayobaki hugeuzwa kuwa laktati, na mgeuzo huo ndio unaouwezesha mtambo kuendelea kuvunja glukosi. Bila huo ungesimama mapema zaidi. Laktati yenyewe huhamia kwenye nyuzi jirani, kwenye moyo na hata kwenye ubongo, ikachomwa huko. Nyingine huenda kwenye ini ikajengwa upya kuwa glukosi, mzunguko ulioelezwa na Carl na Gerty Cori, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1947. Tangu miaka ya 1980 mwanafiziolojia George Brooks ameonyesha jinsi inavyosafiri hivyo kila siku, hata mtu akiwa amekaa. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo zinatengeneza laktati hata ukiwa usingizini. Hiyo milimoli 1 ya mtu aliyetulia si bahati mbaya.

Sifa mbaya ilianzia maabara. Mwaka 1907 watafiti Fletcher na Hopkins, pale Cambridge, Uingereza, waliishtua misuli ya vyura kwa umeme. Pasipo oksijeni asidi ya laktiki ilijaa, penye oksijeni ikapungua. Kazi yao ilikuwa safi. Ila ile ilikuwa misuli iliyokatwa, haina damu ya kuisafirisha laktati popote. Wewe si mguu wa chura.

Dhana: Basi ule moto wakati wa zoezi nao si asidi

Hapa wanaokosea ni waliosoma nusu ya habari. Asidi ipo: katika kazi kali pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imeongezeka) ndani ya msuli inaweza kushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 6.5. Ayoni za hidrojeni zikichanganyika na laktati na ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) iliyovuja nje ya seli, mishipa ya fahamu inalalamika, nawe unausikia moto. Lakini ukiacha, moto unaisha ndani ya dakika chache. Na kuchoka kuna mambo mengine pia, hasa fosfeti inayorundikana pale kretini fosfeti, akiba ya haraka ya nishati msulini, inapotumika. Wenye ugonjwa wa McArdle, ambao misuli yao haiwezi kuvunja glaikojeni, karibu hawapandishi laktati kabisa wanapofanya mazoezi. Wao ndio huchoka na kukazwa na misuli mapema kuliko wote.

Dhana: Dakika za kwanza mwili hautumii oksijeni, halafu "unabadilisha gia"

Hakuna gia. Njia zote zinaanza sekunde ya kwanza, zinapishana kwa ukubwa wa mchango tu. ATP iliyohifadhiwa inatosha sekunde chache, kretini fosfeti inasaidia mbio za kama sekunde 10, na kwenye kazi ya nguvu zote ikifika kama sekunde 75 oksijeni tayari imebeba nusu ya mzigo. Mkimbiaji wa mita 800 anategemea oksijeni zaidi ya anavyodhani.

Kuchua, kunyoosha, kutembea

Kuchua hupunguza maumivu kidogo, na naichua misuli ya watu kila siku kwa sababu hiyo. Haikamui laktati. Kunyoosha viungo baada ya mazoezi hakuzuii maumivu ya kesho kwa kiasi cha kutajwa, nyoosha kama unapenda. Kukimbia polepole baada ya mbio kali huondoa laktati haraka kuliko kukaa chini, jambo la maana kama una raundi nyingine baada ya nusu saa. Kama unakwenda nyumbani kulala, itaondoka tu.

Dhana: Kadiri unavyoumwa ndivyo zoezi lilivyofanya kazi

Hapana. Maumivu yanaonyesha kuwa kazi ilikuwa ngeni kwa msuli, basi. Kuna hata kiwango cha kukuogopesha: ukipata mkojo wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi au kola, msuli umevimba na kukakamaa, na nguvu zimekuishia kabisa, usije kwangu kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana maiyoglobini, protini ya msuli, inayomwagika kutoka kwenye msuli uliovunjika inaweza kuziharibu figo, na huko watakuwekea dripu na kupima damu kabla hawajakuuliza ulinyanyua kilo ngapi.