Yocto ikigoma kubildi, usikimbilie apt install

Wengi wanaoanza na Yocto (mfumo wa kujitengenezea Linux ya bodi yako) wakiona erori inasema kitu fulani hakipo, mkono moja kwa moja kwenye apt install, ikija nyingine wanaweka tena, mwisho laptopu imejaa mapakeji na bildi bado imegoma. Shida ni kwamba dependensi (vitu ambavyo bildi inavitegemea) ziko za aina mbili, za mashine yako na za resipi, na dawa zake tofauti.

Za mashine yako, BitBake (programu ya Yocto inayoendesha bildi) anazikagua mapema kabla hata ya kugusa resipi (faili la maelekezo ya kubildi programu moja), anakutajia kabisa, chrpath hakuna, diffstat hakuna, lz4c hakuna. Hizo weka tu (lz4c iko ndani ya pakeji inayoitwa lz4, usihangaike kutafuta jina lenyewe). Na kama uko Ubuntu 24.04 akianza kulalamika mambo ya user namespaces (njia ya programu kujitenga na mfumo) na AppArmor (kilinzi cha Ubuntu kinachoamua programu iruhusiwe nini), hapo hakuna cha kuinstall, ni ulinzi mpya wa Ubuntu umembana, mtengenezee BitBake profaili yake ya AppArmor, kuzima ulinzi huo kwa programu zote kwa sysctl (amri ya mipangilio ya kernel) inafanya kazi ila mi sipendi.

Sasa za resipi ndo zinawatesa watu. Mfano U-Boot (programu inayowasha bodi) inafia do_compile (hatua ya kukompile) inasema zana inayoitwa swig haipo, unaandika which swig inakujibu /usr/bin/swig, unabaki unashangaa. BitBake hatumii PATH yako (orodha ya folda zenye programu za mashine) bwana, anatengeneza folda tmp/hosttools yenye symlinki (viungo tu) za zana alizoruhusu, nyingine zote hazioni, kwa hiyo hata ukiinstall swig mara kumi ni bure. Ongeza DEPENDS += "swig-native" kwenye bbappend (faili la kuongezea kwenye resipi), aibildi mwenyewe, na hapo hata mwenzako akibildi kwenye mashine yake itakubali. Ukiona Nothing PROVIDES, hiyo mara nyingi ni leya (folda ya resipi) haijawekwa kwenye bblayers.conf au branchi hazilingani, mfano toleo la Yocto linaloitwa kirkstone liende na leya za kirkstone.

Alafu kuna wale bodi yao imekwama kwenye toleo la Yocto la dunfell la 2020 na wanataka kubildi kwenye Ubuntu 24.04. Python 3.12 ya humo ilishaondoa distutils (moduli ambayo vitu vya zamani vinaitegemea), utarekebisha hiki kinavunjika kile. Chukua kontena la Ubuntu 20.04, ingia kama yuza wa kawaida maana BitBake hakubali root, na DL_DIR (folda ya sosi zilizodownloadiwa) na SSTATE_DIR (folda ya matokeo ya bildi za nyuma) ziwe nje ya kontena, vinginevyo ukilifuta unadownload sosi zote upya na bando ndo hivyo tena.