Imeili ya ofa au ya tapeli? Tunayoamini na yalivyo

Kigoma hii, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, mtu ukimtumia meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii" ataifuta huku anacheka. Tumeshazizoea. Mtu huyohuyo akipata imeili yenye nembo ya benki na maneno "Mteja wetu mpendwa", anakaa sawasawa na kuisoma kama barua ya mkuu wa wilaya. Hapo ndipo anapopigwa.

Dhana: Ikiwa na nembo na mpangilio mzuri, ni ya kampuni yenyewe.

Nembo hunakiliwa kwa sekunde chache. Tapeli anachukua tangazo halisi la juzi, anabakiza kila kitu na kubadilisha kitufe kimoja tu, kile cha "Pata ofa". Zamani Kiswahili kibovu kilimuumbua, lakini siku hizi akili mnemba inamwandikia Kiswahili safi, wakati kampuni halali nazo zinatuma matangazo yaliyojaa makosa. Kukutaja kwa jina nako si ushahidi, maana majina na anwani huvuja na kuuzwa.

Dhana: Jina la mtumaji linatosha.

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu imeili tunazisomea kwenye simu, na simu mara nyingi inaonyesha jina peke yake. Jina hilo mtumaji hujiandikia mwenyewe. Anaweza kujiita benki, TRA au mjomba wako. Gusa hilo jina, anwani kamili itafunguka. Angalia kilichopo baada ya alama ya @, na ukisome kuanzia kulia.

Chukua mfano wa vijana wanaoombea kazi steshenari. Anwani ya portal.ajira.go.tz ni ya serikali, kwa kuwa .go.tz imetengwa kwa taasisi za serikali. Sasa tazama hii: ajira.go.tz.omba-sasa.com. Mwenye nyumba hapo ni omba-sasa.com, hayo ya kushoto kayapanga apendavyo, angeweza hata kuweka ikulu. Kwenye linki mambo ni yaleyale, ila unaanza kusoma kutoka mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kurudi kushoto.

Dhana: Linki isiyofanana na jina la kampuni ni ya wizi.

Ushauri huu unatolewa kila mahali na umekaa nusunusu. Kampuni nyingi hazitumi matangazo zenyewe. Zinalipa kampuni nyingine ya kutuma, na linki zinapitia huko ili kuhesabu waliobonyeza. Kwa hiyo tangazo halali kabisa linaweza kuwa na linki ngeni yenye herufi za ajabuajabu. Ukitaka kuchambua linki moja moja utachoka, na siku utakayochoka ndiyo utakayoliwa. Mimi naona dawa ni kuiacha linki ilivyo. Fungua programu ya benki au ya duka kwenye simu yako, au andika anwani unayoijua mwenyewe. Ofa ya kweli kwa kawaida utaikuta huko.

Tena tazama unachoombwa. Mfanyabiashara anataka ununue, na usiponunua wiki ijayo atarudi na punguzo jingine. Tapeli anataka nywila, PIN, namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, au "ada ndogo" ya kutoa zawadi, na anataka kabla ya saa sita usiku akaunti isije ikafungwa.

Dhana: Alama ya kufuli inamaanisha tovuti ni salama.

Kufuli husema kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Anayekipokea ni nani, haisemi. Tovuti za matapeli nazo zina kufuli. Mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye kompyuta, maana watu waliigeuza muhuri wa uaminifu.

Dhana: Ukibonyeza "jiondoe" utaachwa kwa amani.

Kwa kampuni halali, ndiyo. Tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma imeili kwa wingi wathibitishe anwani zao na waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja. Kwa tapeli, kubonyeza kunamthibitishia kuwa anwani yako ina mtu hai. Tumia kitufe cha kujiondoa ambacho huduma yako ya imeili inakiweka juu, karibu na jina la mtumaji. Kama humjui kabisa, iripoti kuwa taka.

Dhana: Ukishaifungua tu, umeibiwa.

Mara nyingi sivyo. Kuifungua kunaweza kumjulisha mtumaji kuwa imesomwa, lakini hasara huja unapoandika nywila au kufungua faili lililoambatishwa. Kama umeshaandika, badilisha nywila sasa hivi, kisha ondoa vifaa vyote usivyovijua kwenye akaunti. Ingia pia kwenye mipangilio uone kama barua zako hazipelekwi nakala kwa anwani ngeni. Wengi husahau hapo, na mwizi anaendelea kusoma hata baada ya nywila kubadilishwa. Na kama akaunti yako ya imeili ulifunguliwa na kijana wa steshenari na nywila bado iko kwenye daftari lake, anza na hiyo.

Ikiwa ulitoa PIN ya benki au ya simu, wapigie huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye kadi yako au unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye imeili. Tapeli akikufuata na kwa meseji, namba yake iripoti kwenda 15040.