"Nimemwambia akinywa asirudi kwangu": wazazi, pombe na mwaka wa kwanza chuoni

Mwisho wa Oktoba wazazi huwaleta watoto wa mwaka wa kwanza na magodoro, ndoo, pasi na boksi la vitafunwa. Usajili ukiisha, baadhi hupita zahanati ya chuo kuulizia bima, nami huwauliza kama pombe wameshaizungumzia nyumbani. Mwaka huu, siku ya kwanza tu, kabla ya saa saba mchana, wazazi wanne wasiojuana walinijibu maneno yaleyale: "Hilo halina shida, dokta. Nimeshamwambia, siku nikisikia amekunywa, kwangu asirudi."

Dokta mwenyewe ni muuguzi, lakini nimeshaacha kuwasahihisha. Hilo la "asirudi" ndilo limenishinda kulinyamazia.

"Nimemwambia akinywa asirudi kwangu"

Mzazi anadhani amekataza pombe. Kilichokatazwa ni simu ya saa nane usiku.

Ngoja niwaeleze saa nane moja ninayoikumbuka. Bajaji ilisimama mlangoni, vijana watatu wakashuka wamembeba wa nne. Fulana imelowa chapachapa kwa sababu walishammwagia ndoo nzima ya maji bafuni. Puani kulikuwa na maziwa. Walisikia maziwa yanakata sumu, wakaona na pombe yatakata, wakamnywesha mtu asiyeweza hata kumeza mate. Mwili wa baridi. Sukari ya damu ilisoma 2.4, chini mno. Nikawauliza amezima saa ngapi. Saa nne. Kwa hiyo mmekaa naye masaa manne mnamwangalia? Mmoja akatazama chini: "Kabla hajazima alituomba tusimwambie mtu. Alisema mzee wake akijua ndiyo basi tena, chuo kimeishia hapo."

Kijana alipona. Asubuhi, dripu ikiwa bado mkononi, alifungua macho na swali lake la kwanza likawa: "Baba amepigiwa?"

Masaa manne hayo wazazi huyachukulia kama muda wa kulala tu. Pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata mtu akishaiweka chupa chini, kwa hiyo aliyezima saa nne anaweza kuwa amelewa zaidi saa tano. Kiwango kikipanda, kikohozi kinachotuokoa matapishi yanapokosea njia nacho kinalala. Ini liko bize na pombe, halitengenezi sukari ya kutosha, hasa kwa kijana aliyeruka chakula cha jioni ili pesa itoshe. Mtu wa namna hii "kumwacha alale" ni kumwacha peke yake na matapishi yake.

Kwa mabinti ukimya una bei nyingine. Binti aliyefanyiwa ukatili wa kingono akiwa amelewa anatakiwa aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU mapema iwezekanavyo, na mlango unafungwa saa 72 zikipita. Dawa zenyewe ni za siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Nimempokea mmoja siku ya tano. Bima alikuwa nayo, na kutoka hosteli kwao hadi kwangu ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Alichokosa ni mtu mzima wa kumwambia bila kuulizwa kwanza, "Na wewe huko ulifuata nini?" Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, methali tunaijua sote. Hatujiulizi ni nani aliyemfundisha kuficha.

Nikifika hapa baba mmoja hukunja uso: kwa hiyo dokta unataka tuwaruhusu? Hapana! Mzazi anayesema waziwazi kwamba hataki mtoto wake anywe ana nguvu kuliko anavyojidhania, na watoto wa wazazi wenye msimamo kwa kawaida hunywa kidogo kuliko wa wazazi walegevu. Katazeni. Ila katazo na adhabu ya kufukuzwa nyumbani visikae kwenye sentensi moja. Mimi huwapa wazazi sentensi mbili, na huwaomba wazirudie mbele yangu kama watoto wa chekechea:

"Sitaki unywe." Nukta. Usiongeze hadithi ya mjomba aliyeharibikiwa.

"Wewe au mwenzako mkipata shida, nipigie saa yoyote. Usiku huo sitauliza kitu, nitatafuta msaada. Maswali nitauliza keshokutwa, na nitakuwa mkali."

Hicho kipande cha mwisho msikiondoe. Mtoto anakijua kipimo cha ukali wenu. Mkimwambia hamtakasirika kabisa ataona mnamtega. Na kwa wanaoniuliza kama hiyo si leseni ya kunywa: sijawahi kuona mtu amepanda bodaboda bila helmeti eti kwa sababu mama yake ana huruma.

Maneno haya yasisemewe stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, konda anapiga kelele na begi liko kwenye buti. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei, matokeo yanatoka Julai, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukitoa miezi ya mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), jioni za kutosha zinabaki. Semeni kidogo kidogo, mnachambua mchele au mko njiani kwenda shamba. Kikao cha familia chenye ajenda moja mtoto hukipita kwa kusema "ndiyo baba" hadi kiishe.

"Wangu hanywi, huyo ni wa kwaya"

Au wa madrasa, au aliyesoma seminari. Nawaamini kabisa, wapo wengi wasioonja mpaka wanahitimu. Lakini katika wale vijana watatu wa bajaji, aliyekuwa na akili timamu ya kutafuta usafiri ni mmoja, na alikuwa hajanywa hata tone. Mtoto asiyekunywa ndiye atakayeamshwa usiku kubeba wengine. Kwa hiyo hata kama una uhakika na wako, mfundishe kwa ajili ya mwenzake. Na hii ndiyo njia yangu ya kuwafungulia mazungumzo wazazi wenye aibu. Muulize: "Ukimkuta unayekaa naye chumba amezima, utafanyaje?" Hapo hajishitaki, anajibu kama mtu wa msaada, na wewe utasikia mengi ambayo hukuyauliza.

Jibu unalotaka kulisikia ni hili. Amwite kwa jina, amfinye bega kwa nguvu. Asipoitika, amlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au kati ya pumzi na pumzi zikapita sekunde kumi, au midomo na kucha zimegeuka rangi, au mwili umepoa, au haamki kabisa, au degedege, safari ya hospitali haingoji asubuhi. Maziwa hapana, kahawa hapana, kumtapisha kwa kidole hapana, ndoo ya maji hapana. Na asimwache peke yake hata kama ni kwenda kumwita mlezi wa hosteli, amtume mwingine.

"Samaki mkunje angali mbichi"

Baba aliyenitolea methali hii alikuwa anajivunia kwamba mwanawe huanza na bia moja naye sebuleni kila Krismasi, "ajifunze kunywa kistaarabu." Hoja hii naisikia zaidi kwa wazazi wenye uwezo kidogo, waliosafiri. Australia waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,900 kwa miaka sita, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, na waliopewa pombe na wazazi hawakuonekana kukingwa na lolote. Walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kunywa kupita kiasi na kupata madhara, na waliopewa nyumbani walikuwa pia wepesi zaidi wa kuitafuta kwingine. Sebuleni kuna baba, kuna wali na kuku, na bia inaishia moja. Geto la rafiki usiku wa Ijumaa halina hata kimoja kati ya hivyo.

"Ni bia tu, si pombe kali"

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina 70. Kwa hiyo ndiyo, kichupa kimoja ni karibu bia tatu, na tangu viroba, ile pombe kali ya mifuko, vipigwe marufuku Tanzania Machi 2017 hicho kichupa ndicho ninachokutana nacho mifukoni. Lakini bia tatu ni bia tatu. Ini halisomi lebo.

Wazazi wa mabinti nao husema "anakunywa ile tamu tu." Mwanamke mwenye uzito sawa na mwanamume, wakinywa sawasawa, kwa kawaida yeye ndiye damu yake hubeba kiwango kikubwa zaidi, maana mwili wake una maji machache ya kuichanganya. Na utamu kazi yake ni kumfanya asione anakunywa haraka.

"Supu, ndimu na maji baridi vinakata"

Havikati. Ini huondoa mwilini takriban gramu 10 za pombe kwa saa, na bia moja kubwa ni kama gramu 20. Piga hesabu mwenyewe ya aliyekunywa sita akalala saa nane halafu ana mtihani saa mbili asubuhi. Ugali kabla ya kunywa unachelewesha, haufuti. Kahawa inampa mlevi macho makavu, na enajia, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ndiyo mbaya zaidi: usingizi ambao ungemwambia "inatosha" unafichwa, anaendelea.

"Ameshakuwa mtu mzima, si kazi yangu tena"

Kisheria, ndiyo, miaka 18 imeshapita. Ila huyo mtu mzima tarehe fulani ataingiziwa pesa ambayo hajawahi kushika maishani. Posho ya chakula na malazi ya mkopo ni Sh10,000 kwa siku, na haitolewi kila siku: boom, kama wanafunzi wanavyoiita posho hiyo ikiingia, la siku 60 ni Sh600,000 kwa mpigo. Wenye baa wa jirani na vyuo wanaijua siku hiyo kuliko wazazi. Bodaboda wanaijua. Mimi naijua, huwa nahakikisha kuna dripu za kutosha, na nyuzi, kwa sababu wengi wanaoletwa wameanguka barabarani.

Marekani, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa pombe huwaambia wazazi wawe karibu hasa wiki sita za mwanzo, wakati mtoto bado hana marafiki na yuko tayari kununua urafiki kwa bei yoyote. Kwetu naongeza wiki za boom. Pesa ya mkopo huwezi kuizuia, ni yake. Yako unaweza kuipanga: usiitume wiki hiyohiyo, na ukituma, itume kidogo kidogo kila wiki badala ya mkupuo wa mwezi. Chunguza tarehe. Piga simu siku hiyo jioni, ya kawaida tu, amekula nini, amelala wapi, nani wanamsindikiza. Usianze na "hivi unakunywa?" Ukianza hivyo ataanza kutopokea.

Kuna mama mmoja muuza vitenge, alinicheka sana nilipomwambia haya mwaka juzi. Mwaka jana alipita tena kumleta wa pili, akanisimulia kwamba alianza kumpigia yule wa kwanza kila boom likiingia, mpaka kijana akamshtukia.

"Mama, na wewe unajua leo boom limeingia?"

"Najua," akamjibu. "Umekula?"