Je, wajua mbona badji anakimbia mkono ule ule unaomuekea chakula?

Umenunua badji, yule ndege mdogo wa jamii ya kasuku, kijani poa kabisa, kila asubuhi unamuekea mbegu na maji safi, lakini ukigusa tu mlango wa keji anajirusha huku na kule mpaka manyoya yanaanguka. Wiki zinaisha na bado. Hapo wengi husema huyu ndege ni mkali ama hana shukrani, na hiyo maneno inaniuma sana juu anafanya tu kile mababu zake walifanya ndio wasiliwe.

Badji ni ndege wa nyika kavu za Australia. John Gould, mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza, alifikisha wa kwanza wakiwa hai Uingereza mwaka 1840, kwa hivyo hawajafika hata miaka 200 wakifugwa, na mbwa amekaa na binadamu zaidi ya miaka 10,000. Macho yake yako pande za kichwa, anaona karibu kila upande bila kugeuka, na kitu kinachomshukia haraka kutoka juu, kwake hicho ni mwewe. Sasa angalia vile mkono wako unaingia kwa keji: kutoka juu, haraka, vidole vimetawanyika. Na hapa Nairobi mwewe wenyewe wanazunguka juu ya maploti mchana kutwa, so badji wa kuwekwa kwa balkoni anashinda akiangalia adui halisi halafu jioni unataka atulie na wewe. Mrudishe ndani, keji iegemee ukuta, iwe urefu wa kifua chako, mahali watu hukaa lakini hawapiti mbio. Kwa jikoni hapana, sufuria zile za kutoshika chakula zikichomeka sana moshi wake unaua ndege (na avokado pia ni sumu kwake, usimpe hata kidogo). Usiku mfunike, TV na honi za matatu zikimnyima usingizi ataamka na woga zaidi.

Kuna ushauri utapewa na karibu kila muuzaji: mshike tu kwa nguvu, atazoea. Tafadhali usifanye hivyo. Ndege akishikwa na akose njia ya kutoroka huwa anaganda, na mtu anaona amekaa kimya kwa mkono anasema ameshazoea, kumbe ndani anakufa na hofu. Muangalie vizuri. Aliyeganda manyoya yamebana mwili, shingo imerefuka, amejifanya mwembamba, pumzi inaenda mbio. Aliyetulia manyoya yamelegea kidogo, anasimama na mguu mmoja, anajichana, anasaga mdomo pole pole, na ile ishara mimi naipenda kuliko zote ni anakula ukiwa hapo, juu kuinamisha kichwa kwa chakula ni kuacha kuchunga adui. Kumkata manyoya ya mabawa ni shida ile ile, hawezi kuruka aende, kwa hivyo anabaki na kuuma ama kuganda, na hiyo si imani.

Imani inakuja akijua akikataa utasikia. Anza kwa kukaa karibu na keji, kaa upande upande usimkazie macho, ongea chini chini ama soma kitu kwa sauti. Ukisogea utaona kuna mahali anaanza kubana manyoya, huo ndio mpaka wake, simama kabla ufike hapo, ngoja alegee kidogo halafu rudi nyuma. Ndiyo, rudi nyuma, juu kwake wewe kuondoka ndio zawadi, na anajifunza kwamba akitulia unampa nafasi bila yeye kujigonga kwa waya. Siku zinavyoenda ule mpaka unasogea wenyewe.

Halafu lete suke la mtama. Litoe kabisa kwa chakula chake cha kila siku liwe linatoka kwako tu, lakini usimlaze njaa ati ndio akufuate, ndege mdogo hivyo nguvu inamuisha haraka sana. Mpitishie katikati ya waya, akizoea fungua mlango ushike suke hapo na mkono usisonge hata kidogo, yeye ndiye atembee aje. Baadaye shika karibu na mbegu kiasi kwamba lazima akanyage kidole ndio afikie. Kidole kiingie kutoka chini, karibu na tumbo juu ya miguu, na akiegemea nyuma, toa. Wengine wanachukua siku chache, wengine miezi, hasa wale wameshikwa shikwa sana sokoni. Kasuku pia njia ni hii hii, ila huyu wa kijivu hakikisha kwanza una kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kuna siku itabidi umshike, labda ameumia. Zima taa kwanza, gizani haoni vizuri kwa hivyo harushi sana, tumia taulo ndogo na usimbane kifua juu ndicho kinapanuka akipumua. Na yule alikuwa anakuja vizuri halafu ghafla anakataa, amejifura mchana mzima na mkia unapiga piga akipumua, huyo ni mgonjwa. Mpeleke kwa veti anayejua ndege siku hiyo hiyo, mazoezi yangoje.