Annan na thangai: deni la kaka kwa dada yake katika fasihi ya Kitamil

Kwa Kitamil, annan ni kaka mkubwa na thangai ni mdogo wake wa kike. Katika masimulizi ya Watamil wa kusini mwa India, wawili hawa wamefungwa na deni: dada akishaolewa, kaka bado anadaiwa ulinzi, zawadi na mlango ulio wazi. Deni hilo hurithiwa na watoto wa dada. Siku mtoto anapotobolewa masikio, anayempakata ni mjomba wake, thai maman.

Utenzi wa Nallathangal unaonyesha deni hilo linavyoweza kukwama mlangoni. Njaa inaingia nchi alikoolewa dada huyo, Nallathangal. Anawachukua watoto wake saba na kwenda kwa kaka yake, Nallathambi. Kaka hayupo, na wifi anawanyima chakula. Nallathangal harudi kwa mumewe. Anaenda kisimani, anawatumbukiza watoto mmoja mmoja, kisha anajitosa mwenyewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kaka anampenda kwa moyo wote, ila upendo wake haukuwepo nyumbani saa ile ulipohitajika. Filamu ya Pasamalar ya 1961 nayo inashika uzi huohuo: ndoa zinawatenganisha kaka na dada, na mwishowe wanakufa pamoja.

Ipo pia jozi ya akka, dada mkubwa, na thambi, mdogo wake wa kiume. Hapa mlezi ni dada. Periya Puranam, kitabu cha karne ya 12 kuhusu watakatifu wa Shiva, mungu wa Kihindu, kinamsimulia Thilakavathi, aliyefiwa na wazazi, kisha na mchumba wake vitani. Alitaka kumfuata marehemu, lakini mdogo wake alimsihi asimwache peke yake, naye akabaki hai kwa ajili yake, bila kuolewa. Miaka baadaye kijana huyo, aliyekuwa amehamia dini ya Kijaini, alirudi kwake akiugulia tumbo. Dada alimpa majivu matakatifu ajipake. Huyo ndiye Appar, mshairi ambaye nyimbo zake zinaimbwa hekaluni hadi leo.

Hata mawe yanalitaja jambo hili. Kwenye hekalu kubwa la Thanjavur, mji wa Watamil, lililokamilika 1010, mfalme Rajaraja Chola aliamuru zichongwe sadaka za hekalu: alizotoa yeye, alizotoa dada yake mkubwa, kisha walizotoa wake zake. Dada ametangulia wake za mfalme.