Klachi ya gari la zamani lililokaa muda mrefu: dhana potofu na ukweli

Gari la zamani linapowashwa baada ya kukaa mwaka au zaidi bila kutembea, mara nyingi injini huitikia likipata betri yenye chaji na petroli safi, lakini gia hukataa kuingia au pedali ya klachi huzama hadi chini isirudi. Hapo wengi hukata shauri papo hapo kwamba klachi imekwisha na giaboksi ishushwe. Shauri hilo ni la gharama, na kwa gari lililosimama mara nyingi si sahihi, kwa sababu pleti ya klachi, yaani sahani inayounganisha injini na giaboksi, huchakaa kwa kusuguana, na gari lisilotembea halisugui chochote. Kinachoharibika katika kukaa ni vitu vingine: chuma hushika kutu, raba hukauka, na mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi inayosukumwa kwa mafuta badala ya waya, hunyonya unyevu wa hewa.

Dhana potofu: gia zikikataa kuingia, pleti imekwisha

Pleti iliyokwisha huwa na dalili iliyo kinyume kabisa na hiyo. Huteleza: ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu au ya nne, injini hupandisha sauti lakini mwendo hauongezeki. Gia zinazokataa kuingia injini ikiwa inawaka, lakini zikaingia bila ubishi injini ikizimwa, zinaonyesha kwamba klachi haiachii, yaani pleti inaendelea kuzunguka pamoja na flaiwili, gurudumu zito la injini, hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Ama nguvu ya mguu haifiki kwenye klachi, ama inafika lakini pleti imegandishwa na kutu kwenye flaiwili au kwenye presha pleti, bamba linaloibana pleti. Mara chache kutu hushika kitovu cha pleti kwenye meno ya shafti ya giaboksi, nacho kikashindwa kusogea hata pale pleti inapoachiwa.

Kutofautisha hali hizi hakuhitaji kufungua kitu chochote kikubwa. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa, mtu mmoja akanyage pedali taratibu huku mwingine akitazama uma wa klachi, yaani wenzo unaosukuma klachi iachie, pale unapotokea kwenye kasha la giaboksi. Uma ukisogea kwa kiasi kinachotakiwa kwa gari hilo, mfumo wa kusukuma ni mzima na tatizo liko ndani. Ukisogea kidogo tu, au usiposogea kabisa, giaboksi iachwe mahali pake, kwani kosa liko kwenye mafuta, silinda, mpira wa kupitishia mafuta, au kwenye waya ikiwa gari linatumia waya, ambao mara nyingi hushika kutu ndani ya ala yake. Mimi nauweka ukaguzi huu mbele ya mwingine wowote, kwa kuwa huchukua dakika chache na huokoa kazi ya siku nzima.

Dhana potofu: pedali ikilegea, ongeza mafuta na utoe upepo ulioingia kwenye mafuta, basi

Mafuta ya klachi hayaungui wala hayatumiki. Yakipungua, yamevuja, na kuongeza mengine ni kuahirisha tatizo. Angalia silinda ya juu, inayosukumwa na pedali, kwa upande wa ndani ya gari, pale kijiti cha pedali kinapoingia, kisha funua raba ya vumbi ya silinda ya chini, inayosukuma uma. Unyevu mahali popote kati ya hapo ni jibu. Ikiwa hakuna tone nje na bado pedali inazama polepole mguu ukiwa juu yake, mafuta yanapita ndani kando ya raba ya silinda ya juu.

Lipo jambo linalowashangaza wengi: klachi hufanya kazi vizuri siku ya kwanza, kisha hufa baada ya siku chache. Gari likikaa, maji yaliyomo kwenye mafuta huchimba vijishimo katika ukuta wa silinda, hasa sehemu ambayo raba haikuwa ikipita. Ukianza kukanyaga hadi mwisho ili kutoa upepo, ukingo wa raba hupita juu ya vijishimo hivyo na kukatwa. Kwa hiyo, badala ya kutoa upepo tena na tena, ifungue silinda uikague, na ikiwa imechimbika, ibadilishe nzima, maana raba mpya ndani ya ukuta ulioharibika haitadumu.

Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji, na kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini hushuka hadi 140 yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi nayo. Oili ya injini isiguse mfumo huu hata kidogo, kwani huvimbisha raba zote.

Dhana potofu: klachi iliyoganda huachiwa kwa kulivuta gari kwa kasi

Njia hiyo inaweza kuvunja meno ya giaboksi na kuhatarisha watu. Anza kwa kupasha injini joto mahali penye hewa ya kutosha, uizime, kisha ubanishe pedali chini kwa kipande cha mbao usiku kucha. Isipoachia, inua magurudumu yanayoendeshwa na injini juu ya stendi imara, zuia mengine, hakikisha breki zinashika, na asiwepo mtu mbele wala nyuma. Weka gia ya tatu, kanyaga klachi, washa injini kwa mizunguko ya chini, kisha kanyaga breki ghafla huku klachi ikiwa chini. Pleti ikiachia, magurudumu husimama na injini huendelea kuwaka. Ikigoma, injini huzima, nawe unarudia mara chache bila papara. Mtikisiko mdogo wakati wa kuondoka hutoweka kutu ikisuguliwa, lakini mtikisiko usiokwisha, au kuteleza, huashiria kwamba tabaka la pleti limebanduka au limelowa oili kutoka kwenye sili (raba ya kuzuia oili) iliyokauka. Hapo ndipo giaboksi ishushwe, na sili nayo ibadilishwe pamoja na pleti.

Dhana potofu: ukiliegesha bila gia, au ukiliwasha kila wiki, klachi haitaganda

Pleti hubanwa na presha pleti wakati wote pedali ikiwa juu, gia iwemo isiwemo. Kuwasha injini bila kukanyaga klachi hakuitenganishi. Kinachosaidia ni kuikanyaga, na zaidi kulitembeza gari.

Dhana potofu: vumbi la klachi ni uchafu tu, lipulizwe kwa kompresa

Pleti za magari mengi ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika bidhaa kama hizi kuanzia 2005, lakini gari lililotengenezwa kabla linaweza kuwa bado na pleti yake ya awali. Kasha likifunguliwa, lowesha vumbi kwa maji, lipanguse kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko kabla hakijakauka.